Mbwa Asiyeokota

Wiki iliyopita bonge la ugali lilianguka kutoka kwenye sahani yangu, bwaloni, mbele ya meza nzima. Likabingirika mara mbili, likasimama karibu na kiatu cha kiranja wetu, Ogeto. Nikainama, nikaliokota, nikapuliza vumbi, nikatia mdomoni. Sikufikiri. Nilikuwa nimerudi shuleni jana yake tu kutoka mazishini, na kichwa kilikuwa bado hakijafika. Nilipoinua uso nikakuta Ogeto ananiangalia kama mtu aliyemwona mwalimu mkuu akipanda mti.

"Wewe! Umekula chini," akasema.

"Nimekula ugali," nikamjibu. "Chini sijapagusa."

Tangu siku hiyo kila nikipita bwenini kuna mtu anabweka. Ningekuwa na nguvu ningebweka vizuri kuwashinda wote, maana katika kubweka mimi si mgeni. Lakini nimechoka. Nimechoka mwili na nimechoka kuulizwa. Basi naandika mara moja, asome anayetaka kusoma, kisha mniache nilale.

Ugali wa siku ile ulikuwa umeungua, na ile harufu ya ukoko ilikuwa imeshanirudisha nyumbani hata kabla sijainama. Kwetu ni upande wa Magwagwa, kwenye mteremko ambao ukiangusha chungwa huna haja ya kulifuata, mwenzako wa bondeni atalila. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa anang'oa pareto kidogo kidogo na kupanda majani chai, kwa hiyo nusu ya shamba ilinuka dawa ya wadudu na nusu nyingine haikunuka kitu, ilikuwa ahadi tu. Nililala kwa mama yake Baba. Sisi bibi tunamwita Magokoro, nami sijui jina jingine la kumwita hata sasa.

Na kulikuwa na Karani. Karani ni mbwa. Siku aliyoletwa, bado mtoto wa mbwa, alikula kijitabu cha Mama cha shule ya Sabato, jalada na yote, kisha akakaa wima, miguu ya mbele pamoja, akimtazama Baba kana kwamba anangoja karatasi nyingine. Baba akasema huyu ni karani. Jina likakaa.

Alikula kila kitu kilichogusa ardhi. Alikula maua ya pareto yaliyoanikwa mkekani, akatapika, akarudi kuangalia kama alichotapika kimekuwa kitamu zaidi. Alikula sabuni. Alikula kamba ya ndama, na alikula ncha ya kiatu cha mgeni aliyekuja kumposa shangazi yangu; posa ilikwenda vizuri lakini kiatu hakikupona. Na mtoto mchanga akijisaidia uani, aliitwa Karani kwanza kabla ya kuitwa mtu mwenye jembe. Msijifanye hamjui. Kila boma kwetu lilikuwa na mfanyakazi wa namna hiyo.

Wala hakuna aliyemwekea mbwa chakula mahali. Watu walikula, sufuria ikakwanguliwa, na ule ukoko ukarushwa nje ya mlango, pwaa, mbwa na kuku wakaamuana wenyewe.

Nilikuwa na miaka minane hivi naibu wa chifu aliposimama sokoni akatangaza habari ya kichaa cha mbwa. Kimeonekana ng'ambo ya mto, akasema, na watu wa mifugo watapita baada ya magulio mawili, waweke nyama kwenye njia zote. Mwenye mbwa amfunge.

Mimi nilisikia nyama. Mengine sikuyasikia. Sisi nyama tuliiona Krismasi, au ng'ombe wa mtu akiteleza kwenye ule mteremko wetu akavunjika, na hata hapo mtoto hupewa utumbo na mahubiri. Sasa serikali inawaletea mbwa nyama mpaka njiani! Nilimnunia Karani siku mbili nzima. Alikuja kunilamba nikamwambia aende akalambe serikali yake. Mwishowe nikamwuliza Magokoro, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kama watu wa mifugo watajua nikijificha kati ya mbwa na kupita kwa miguu minne.

Alikuwa anapepeta wimbi. Ungo ukasimama.

"Nyama hiyo ina sumu, omwana one," akasema. Mwanangu. "Mbwa atakayeila hatafika kwao."

Tukamfunga Karani kwa kamba ya katani. Akala kamba. Tukamfungia kwenye kibanda cha ndama. Akachimba chini ya mlango, akatoka na ndama akatoka nyuma yake, tukamtafuta ndama mpaka jua likageuka. Baba alirudi amelowa jasho, akakaa kwenye jiwe na kuvua viatu.

"Mbwa ni mbwa," akasema. "Akifa tutaleta mwingine."

Hakusema kwa ubaya. Baba alikuwa anasema hivyo hata kuhusu majembe. Lakini mimi nilikwenda migombani nikalia, kisha nikafuta kamasi nikaamua kwamba Karani atasoma.

Somo la kwanza lilikuwa pilipili. Niliponda konzi nzima ya pilipili, nikaipaka kwenye ukoko, nikauweka njiani na kujificha. Karani akaula. Akapiga chafya, akatoka machozi, akanywa maji ya ndama karibu yote, kisha akarudi pale pale na kunitazama: je, iko nyingine? Mkono wangu ndio ulioungua siku mbili, na jicho langu moja pia, kwa sababu ya ujinga wa kujikuna.

Magokoro alinikuta nimeutia mkono kwenye mtindi.

"Ni nani aliyemfundisha kula chini?" akaniuliza.

"Hakuna. Ni mbwa tu."

"Ni sisi. Tangu aletwe hatujampa kitu ila kwa kutupa. Kwake chini ndiyo sahani." Akakunjua kiganja chake, kimejaa maganda ya wimbi. "Mpe sahani nyingine."

Jioni ile nilieleza mpango wangu: kuanzia leo Karani hatupiwi kitu, kila mtu atampa mkononi. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mkono huu? Huu unaowasongea ugali? Majirani wakiniona namlisha mbwa kama mtoto, watasema nimerogwa."

Hata Magokoro akakataa, akisema ameshavuka umri wa kulambwa. Kwa hiyo sahani ikawa mkono wangu mimi, peke yake. Hakuna aliyeona kosa hapo. Kwetu mbwa hapewi kitu mkononi, hiyo ilikuwa wazi kama mvua, na mtoto anayekubali kufanya ambalo wengine hawafanyi anaachiwa afanye, bora asivunje chungu.

Nilifundisha asubuhi kabla ya shule na mchana nikirudi, na kila nilipotumwa kisimani. Naweka ukoko chini, naufunika kwa wayo. Karani anachimba wayo. Anaulamba, anaung'ata kidogo, anaulamba tena kuomba msamaha. Mimi nasema, "Acha!" Kisha nangoja. Mnaosoma hapa mnadhani mmewahi kungoja kwa sababu mmepanga foleni ya maharagwe. Ngojeni mguu mmoja ufe ganzi huku mbwa anawapigia kelele za kilio, na mama anaita maji yako wapi. Anachoka yeye, nachoka mimi, na hatimaye anaacha mguu na kuniinulia uso. Hapo hapo, haraka, nampa kipande kingine kiganjani. Halafu tunaanza upya.

Baadaye niliondoa wayo. Baadaye nikaweka ukoko na kutembea. Nusu ya chakula changu cha jioni ilikwenda huko. Mimi nikakonda, yeye akang'aa. Lilipofika gulio la pili Karani alikuwa anaweza kuupita mfupa wa mbuzi akiwa amegeuza kichwa pembeni, kama mzee wa kanisa anayepita kilabu cha busaa.

Watu wa mifugo wakaja na ndoo ya bati, mmoja amevaa glavu. Hawakusalimia mtu. Siku ya pili yake nilikuwa natoka kisimani na mtungi kichwani, Karani mbele, nikaiona: pande la nyama jekundu, kubwa kuliko ngumi yangu, limewekwa juu ya jani la mgomba katikati ya njia kama zawadi. Karani akasimama. Niliona mate yakimtoka, uzi mmoja, mpaka chini. Mimi sikuweza kuinama kwa sababu ya mtungi, wala sikuweza kumshika. Nilisema "acha", lakini sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu.

Akaniinulia uso.

Mfukoni nilikuwa na kipande cha ukoko kikubwa kama kucha. Nikampa. Akakila, tukaenda nyumbani.

Jirani yetu, mzee Ombati, alipoteza mbwa watatu. Nilimwona akiwachimbia, jembe linapanda na kushuka. Alipomwona Karani amekaa wima kando yangu, alilikita jembe chini.

"Huyu wako amesomea wapi?" akauliza.

Nilifura kama andazi kikaangoni. Kwa siku nyingi nilitembea nikiamini kwamba Karani aliiacha ile nyama kwa sababu ananipenda mimi kuliko nyama. Mtoto wa miaka minane anapenda kuamini hivyo. Kumbe nilikuwa nimemfungia dunia nzima na kumwachia tundu moja, na tundu lenyewe ni kiganja cha mtoto.

Hilo nililijua miaka miwili baadaye, mwezi wa Desemba, zamu yetu ya tohara ilipofika, mimi na binamu zangu wawili. Waliopita wanajua, wasiopita si kazi yangu kuwapitisha. Ninachotaka mkumbuke ni kile kibanda. Baada ya kutoka mtoni asubuhi ile tulitiwa ndani ya kibanda kipya, na humo tukae mpaka tupone na kutolewa. Moto wetu usizimike. Majani tuliyopandiwa ndani yasikauke. Na baba na mama zetu wasituone, wala sisi tusiwaone. Chakula kililetwa na mlezi wetu, kijana aitwaye Onchiri, ambaye alikuwa ametangulia miaka michache tu lakini alitembea kama aliyeitangulia nchi.

Kati ya nyimbo na maumivu sikumkumbuka Karani. Siku ya tatu nikasikia kitu kinakwaruza ukuta.

"Ni mbwa wako," Onchiri akasema, akitugawia ugali. "Amefunga. Mama yako anamtupia, yeye anauangalia ugali kama barua ya mtu mwingine. Kuku wamenenepa."

"Mpe mkononi. Tafadhali, Onchiri."

"Mimi? Nilishe nyinyi watatu, kisha nilishe na mbwa? Mbona mnitafutie mume kabisa."

"Basi mlete ndani."

"Mbwa apite juu ya majani haya? Unataka tulaaniwe wote?"

Siku ya tano kukwaruza kulikuwa kumepungua. Siku ya sita kulikuwa mara moja, kisha kimya kirefu, kisha mara moja. Niliwaza kumwita Mama, lakini kumwita ni kuvunja mwiko, na Onchiri alikuwa ameeleza kwa furaha kubwa yanayowapata wanaovunja. Nikachukua kijiti cha kuchokorea moto. Ukuta ulikuwa wa udongo, haujakauka vizuri. Mchana, Onchiri akiwa ameenda kukata kuni na binamu zangu wamelala, nikachokora karibu na ardhi mpaka mwanga ukaingia, nikapanua, nikapitisha mkono hadi kiwiko, na ugali kiganjani.

Jua lilinichoma mkono. Ilikuwa siku ya kwanza kwa mwili wangu kuona jua, na ni mkono tu uliokwenda. Nikangoja. Kisha ulimi. Ulikuwa mkavu kama kitambaa.

Kisha nikasikia miguu inakuja, inasimama.

"Nyumba hii imeota mkono," sauti ikasema.

Magokoro. Bibi hana mwiko kwa mjukuu, wao ni watani, aliruhusiwa hata kuja mlangoni kututukana. Lakini mimi nilikuwa kwenye makosa, nikanyamaza, nikasahau kwamba mkono hauwezi kujificha kwa kunyamaza.

"Mkono, habari za huko ndani?"

"Nzuri, Magokoro," nikasema, na machozi yakaanza.

Nilimsikia akikaa chini, magoti yakilia. Nikahisi mkono wake ukiingia chini ya wangu, ngozi kavu na baridi kama ganda la mgomba. "Usivute," akasema. "Mwache ajue kwamba mimi na wewe ni sahani moja."

Alikuja kila siku saa ile ile. Siku mbili mkono wake ulikuwa chini ya wangu. Siku ya tatu ukapanda juu, wangu ukawa chini. Kisha akaniambia nivute kidogo, vidole tu vibaki, halafu nivute vyote. Siku ile nilikaa gizani, mgongo ukutani, nikisikia Karani anatafuna upande wa pili bila mimi. Mama alikuwa anapita na kuni, nikamsikia akishangaa.

"Mama! Hata wewe unamlisha mbwa mkononi?"

"Mimi nimezeeka, mwanangu," Magokoro akamjibu. "Nani atakataa kunioa?"

Tangu hapo Karani akawa wake. Nilipotoka kibandani alinirukia, na kwa heshima ya zamani alikula mkononi mwangu kila likizo, lakini mlangoni kwa Magokoro ndipo alipokaa wima kila jioni, akipewa nusu ya ugali wa wimbi kipande kwa kipande, huku bibi akimpa na habari za kijiji. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali la wazi kabisa. Mimi ndiye niliyesoma hesabu mpaka kidato cha tatu, na mimi pia sikujiuliza.

Mwezi huu Baba alikuja hapa shuleni, chini ya kilima cha Nyanchwa, amevaa koti la kanisani siku ya Jumanne. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Tulimzika Magokoro Alhamisi kando ya nyumba yake, karibu na migomba. Watu walikuwa wengi, walikula. Mifupa ilitapakaa uani, na mbwa walikuja kutoka miteremko yote, wakapigana, wakashiba wakalala. Karani alikuwa katikati yao. Ni mzee sasa, mdomo mweupe. Alipita kwa kila mtu aliyekaa, akakaa wima mbele yake, akamwinulia uso, akangoja, kisha akaenda kwa mwingine. Mfupa wenye nyama ulikuwa kati ya miguu yake na hakuutazama. Mtu mmoja wa kutoka Masimba akasema, tazama mbwa mwenye adabu.

"Siku nne hajala," Mama akaniambia. "Namtupia."

Nikamkunjulia kiganja. Alikula polepole, akiweka meno yake kwa uangalifu asiniumize.

"Na Jumatatu ukirudi shule?" Mama akauliza.

Baba alikuwa ameketi kwenye jiwe lake. Alikuwa hajalala tangu Jumatatu, macho yake mekundu. "Sitakaa nimtazame akikauka mlangoni kwa mama yangu," akasema. "Ukiondoka huku bado hali, nitammaliza. Nitafanya haraka, hataumia."

"Na nikimfundisha kuokota, kisha watu wa mifugo warudi?"

"Wakirudi wamerudi. Ya leo ni njaa."

Nilikuwa na Ijumaa, Sabato na Jumapili.

Mama ndiye aliyeanza, na hilo silisahau. Alikata jani la mgomba, akaufunga mkono wake, akaweka ugali juu, akamwinamia Karani huku amegeuza uso pembeni kwa aibu. Karani akanusa jani, akamtazama, akakaa. Mama akasubiri. Kisha akaenda kunawa kwa sabuni ingawa hakuguswa, na nikaona mabega yake yanatikisika juu ya karai.

Mimi nikaanza somo lile lile, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Niliweka ukoko chini nikasema, "Kula." Akaniinulia uso. Nikalaza kiganja ardhini na ukoko juu yake, akala. Nikavuta vidole, akaacha. Siku nzima ya Ijumaa. Siku ya Sabato niliachiwa nisiende kanisani, nikapiga magoti mbele ya mlango wa Magokoro, nikaweka mikono mgongoni, nikainama na kuokota ukoko kwa meno ili aone inavyofanywa. Nikatafuna pamoja na mchanga. "Ona, bwana. Hivi. Ni kazi rahisi, kuku anaiweza." Mzee Ombati alikuwa anapita na fimbo yake. Akasimama, akaniangalia nilivyo kwa miguu minne.

"Huzuni ina mambo," akasema, akaendelea na safari.

Mpaka Jumapili mchana nilikuwa nimekula chini ukoko mwingi kuliko nilioula mezani maisha yangu yote. Karani alikuwa amekula vipande vichache tu, vyote mkononi, kwa sababu sikuweza kuvumilia. Baba alikuwa kando ya ghala, ananoa panga. Labda lilikuwa la majani. Sikuuliza.

Nikaweka kipande kingine chini. Karani akakinusa. Akafungua mdomo, akakichukua. Akakichukua! Nami nikaruka kwa furaha, na kutoka sijui wapi, kutoka kwenye ile njia ya kisimani, mdomo wangu ukapiga kelele wenyewe:

"Acha!"

Akakitema. Akakaa wima, akanitazama: bwana, amueni basi.

Jiwe la kunolea lilinyamaza kidogo, kisha likaendelea. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka nimelala kifudifudi kwenye uwanja wa Magokoro mpaka kicheko kikageuka kuwa kile kitu kingine. Nilipomaliza nikabaki pale, shavu mavumbini, nimechoka kabisa, na mbwa bado ananitazama. Tangu utoto wake alikuwa ananitazama. Hakuwa anangoja mkono wala neno. Alikuwa anangoja uso, kwa sababu, ukiacha ile siku ya tundu la ukuta, kila kitu alichowahi kupewa baada ya ile pilipili kilikuja pale alipoinua macho akakuta uso wa mtu.

Nikaamka. Nikaweka ukoko chini, nikampa mgongo. Nikakaa nimelielekea kaburi, udongo wake bado mwekundu, nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Alikuja akanizunguka kunitafuta mbele. Nikageuka. Akazunguka tena, nikageuka tena. Kisha hakuja. Kuku mmoja alipita akienda huko nyuma, sikumfukuza. Miguu ikafa ganzi, kama zamani. Nilihesabu migomba, nikasahau nilipofika, nikahesabu tena.

Halafu nikasikia: meno juu ya ukoko, sauti kama mtu anakanyaga majani makavu, kidogo, kisimamo, kidogo tena. Kando ya ghala jiwe lilikuwa limenyamaza, na halikuendelea.

Sikugeuka.